Risiti ya Kidole Gumba

Siku ya pili ya warsha, chai ikiwa bado moto,
Bi. Jerusa Kavere alituamuru tuhame viti:
watafiti waketi kwenye hesabu,
wahasibu tuketi kwenye utafiti,
kila mtu na jalada la mradi uliofungwa
alilolibeba kutoka chuoni kwake.

Kisumu ilitokota nje ya madirisha.
Mimi nilikuwa na jalada la kiduha,
gugu lenye maua ya zambarau,
Gem wanaliita kayongo,
linaloufyonza muhindi kwenye mizizi, gizani,
na juu ya ardhi linachanua kama limealikwa.

Miaka kumi na miwili nimelinda fedha za wafadhili.
Watafiti wananiita Komeo. Najua.
Anayekuja na masurufu yasiyorejeshwa
hutoka ofisini kwangu akiangalia sakafu.
Sijawahi kuiba hata kalamu.
Nilidhani hiyo ndiyo kazi yote.

Daktari Asava akapewa mhuri wangu.
Aliushika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani,
akafunua kurasa, akanyamaza,
kisha akauliza, bila hasira, meza nzima ikisikia:
"Mkutano ulikuwa wa watu ishirini na wawili.
Stakabadhi ya hoteli ni ya sahani arobaini.
Nani aliipitisha?"

Ilikuwa imepigwa chapa. Ilikuwa na nembo,
na nambari ya kodi, na mhuri wa bluu uliokaa sawa.
Ilipendeza.
Mimi ndiye niliyeipitisha.

Akafungua bahasha ya zilizokataliwa.
Ukurasa wa daftari la shule, umechanwa bila rula,
penseli, mwandiko wa mtoto anayeandikia bibi yake:

    Nimelala shambani siku saba
    ng'ombe wasiingie kitalu cha sita.
    Mia tatu na hamsini.
    Persila Nyagot.

Na tarehe. Na kidole gumba cha wino
kilichofifia upande mmoja.
Juu yake, kalamu nyekundu, mwandiko wangu:
SI RISITI.

Bi. Kavere aliinua karatasi ile ionekane.
"Nani kalipwa, kwa kazi gani, lini, kiasi gani.
Nitajieni kinachokosekana."
Feni ilisaga hewa.
"Na kama ofisi yako inataka fomu," akasema, akinitazama,
"mpe mtafiti fomu kabla hajapanda gari,
si baada ya kurudi na matope."

Kwa kuwa siku ile nilikuwa mtafiti,
ilinibidi nisome daftari la shambani,
ambalo kwa miaka mitatu ya mradi sikuwahi kuligusa.
Kitalu cha kwanza, kimeliwa.
Cha pili na cha tatu, vimekanyagwa.
Cha nne, maji. Cha tano, hakikuota.
Cha sita, kizima.
Matokeo yote tuliyompelekea mfadhili,
majedwali yote, hata ile picha ya jalada,
yametoka kitalu cha sita.

"Alilipwa mwishowe?" nilimuuliza Asava kwa sauti ya chini.
"Nilimwahidi. Kisha fungu likafungwa,
salio mkalirudisha ng'ambo."

Salio lilikuwa kubwa.
Niliandikiwa barua ya pongezi.

Jumatatu nilifika kabla ya mfagizi.
Nikatoa mfukoni mwangu mia tatu na hamsini,
na papo hapo nikajua nakosea tena:
deni la mradi halilipwi kwa huruma ya karani.
Hata hivyo nilipiga ile nambari nyuma ya karatasi.
Mteja hapatikani.
Nikapiga saa nne. Nikapiga baada ya chakula.

Sasa napekua kanuni zetu, ukurasa kwa ukurasa,
nikitafuta kifungu kinachosema
mradi uliokufa hulipaje walio hai.
Hakipo. Nimeanza kukiandika mwenyewe.
Mstari wa kwanza nimeuandika mara tatu,
mara zote tatu umeanza na jina lake,
na kanuni, nasikia, hazianzi na majina ya watu.